Biskuti Yenye Alama ya Kidole Gumba

Mwaka juzi binti yangu mdogo alikuja likizo ya Noeli kutoka chuoni Dar es Salaam, akanionyesha kwenye simu yake namna ya kupika biskuti zisizo na yai, maziwa wala siagi. Za mimea tupu, alisema, ndiyo mtindo wa sasa, zina afya. Nilimwangalia. Nikamwambia hizo ni zile zile za bibi yake, mimi nilizipika nikiwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyeniambia zina afya. Akacheka akidhani natania, maana ndivyo nilivyo, mdomo wangu haukai. Sikuwa natania. Nikainuka nikaenda kuchambua mboga nje kabla sijaanza kitu ambacho nisingeweza kukimaliza mbele ya watoto.

Sasa nimeshakianza, basi nikimalize.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Izia, Sumbawanga, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa bati upande wa vyumba na nyasi upande wa jikoni. Baba alikuwa karani wa kilimo, mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na kazi. Mama alikuwa Mfipa wa Mwazye, aliyefundishwa mapishi na ushonaji kwa masista kabla hajaolewa. Watoto tulikuwa watatu. Mimi mkubwa, kisha mdogo wangu wa kiume wa miaka saba, mwizi wa jikoni aliyekubuhu, na wa mwisho msichana wa miaka minne. Habari hii ni ya huyo wa mwisho.

Vita vilikuwa vimekwisha, na kila kitu kingine nacho kilikuwa kimekwisha. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, muuzaji na kalenda ukutani. Sukari ikivumishwa kwamba inakuja, watu walipanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, ukienda shamba jiwe lako linakushikia nafasi. Unga wa ngano tulikuwa tumeshausahau. Mafuta ya kopo yalikuwa ya kusimuliana. Kuku wetu kumi na mmoja walimalizwa na mdondo ndani ya juma moja: asubuhi unakuta kuku ameinamisha kichwa, jioni unachimba shimo. Na mzee aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi alikuwa ameshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa siku nyingi, yeye na ng'ombe wake. Ndiyo maana biskuti zetu zilikuwa za mimea. Hatukuchagua.

Mwezi wa kumi surua ilipita mtaani. Sisi watatu tuliugua pamoja, tukalala mkeka mmoja. Mimi na mdogo wangu wa kiume tukapona tukarudi kugombana. Yule mdogo vipele viliondoka lakini yeye hakurudi. Mtoto aliyekuwa akipigania ukoko wa ugali mpaka anang'ata mtu, sasa ukimwekea kijiko mdomoni anageuza uso. Miguu ikavimba, ukiibonyeza panabaki shimo. Nywele zikawa laini, zikageuka rangi. Hakuwa analia. Mama alisema afadhali angelia.

Mama alimpeleka zahanati, mimi nikimfuata nimeshika kadi ya kliniki. Mganga alikuwa mtu mzima, mpole, aliyechoka. Alimbonyeza mtoto miguu, akamwangalia macho, kisha akamgeukia mama.

"Mama, huyu dawa yake ni chakula, na chakula hakiingii kwa nguvu. Mpikie uji wa karanga, umpe kidogo kidogo. Lakini kuna siku ataomba mwenyewe. Siku hiyo, hata akiomba nini, mpe hapo hapo. Usimwambie asubiri. Akishaanza kuomba, ujue amerudi."

"Nimesikia, baba," mama alisema.

Na mimi nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na nililishika kila neno. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanitetea.

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikaa inasubiri mtoto aombe. Mama alikuwa akipika uji anauzungusha mbele ya pua yake. Kaka yake, ambaye hata mimi mkubwa wake nilimwita kaka, alikuwa akila karanga karibu yake kwa makusudi, anatafuna kwa kelele, eti amtamanishe. Baba kabla hajasafiri kwenda Mpui kugawa mbegu na mbolea alimletea embe, sijui alilitoa wapi kwa baridi hii yetu, mtoto akalishika siku mbili mpaka likaoza mkononi. Hakuomba kitu.

Basi mama akakumbuka biskuti. Noeli iliyotangulia, siagi ilipokuwa bado inaonekana kwa kubahatisha, mtoto yule alikula biskuti sita akajificha nyuma ya mlango na ya saba. Mama akasema tutapika biskuti, na tutapika wote, na mtoto atakaa hapo hapo jikoni aone, asikie harufu, ashike unga. Nikamuuliza tutapika na nini. Akasema tutapika na kilichopo.

Kilichopo kilifika kimebebwa na bibi kichwani. Bibi, mama yake mama, alitoka Mwazye siku tatu kabla ya Noeli, sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu, na unga wa ulezi ndani ya kikapu. Bibi huyu walikuwa wamemhamisha wakati wa kuanzisha vijiji, wakang'oa nyasi za paa lake yeye akiwa amekaa ndani. Nyumba, shamba na makaburi ya wanawe aliyaacha kule. Kitu pekee ambacho hawakukihamisha ni amri zake za dini, na hizo alizishika mpaka vidole vikauma. Mkesha wa Noeli hakuna kula mpaka jua lizame, na biskuti za Noeli zinaliwa Noeli, baada ya misa. Hata harufu yake, alisema, ukiivuta kwa tamaa ni dhambi.

Mimi nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa najiandaa kupokea komunyo ya kwanza asubuhi ya Noeli, na nilikuwa na kimbelembele cha dini kisichosemeka. Maswali yote ya katekista niliyajibu mimi. Aliuliza siku moja ni nani hawabanwi na mfungo, nikanyoosha mkono wa kwanza: watoto wadogo na wagonjwa. Akanisifu mbele ya darasa. Kwa hiyo hata hilo nililijua. Gauni langu jeupe mama alikuwa amelishona kutoka kwenye shuka la harusi yake, na lilikuwa linaning'inia chumbani kwenye msumari. Kila nikipita naligusa.

Tulipika asubuhi ya tarehe ishirini na nne. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ukungu umekaa chini mpaka mlangoni, moshi wa jikoni unakataa kutoka. Mama alikaanga karanga, sisi tukazimenya kwa viganja na kupuliza maganda. Kaka akapuliza yake usoni kwangu, nikampiga kofi, bibi akatuuliza kama tunataka kumpokea Mtoto Yesu kwa ngumi. Nikatwanga karanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta na kushikamana. Mama alikuwa amebadilishana kanga yake moja kwa kichane cha ndizi mbivu na mwanamke mmoja aliyepanda kutoka ziwani, Kasanga, na ndizi hizo ndizo zilikuwa sukari yetu. Kaka alipewa kazi ya kuziponda. Akaponda na kulamba, akaponda na kulamba, mpaka bibi akamfunga kitambaa mdomoni. Tulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka sana, hata mama.

Ulezi, karanga, ndizi, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, maji kidogo. Ukaja unga mzito mweusi, kama udongo wa kufinyangia. Mama aliutandaza kwa chupa, akatukatia mduara kwa mdomo wa kikombe. Kuni huku kwetu ni taabu, nchi yote ni nyasi na upepo, kwa hiyo tulipikia magunzi, na magunzi yanawaka na kwisha hujakaa sawa. Kazi ya kaka ikawa kukimbilia magunzi. Tulitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, juu yake sahani ya bati, juu ya sufuria tukafunika kipande cha bati na makaa. Zinaiva nane nane.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea gunia, amefunikwa kanga. Alikuwa anaangalia. Mama akachukua donge la unga akamwekea kiganjani. Alilishika muda mrefu bila kufanya kitu. Kisha akalibonyeza, polepole, akalilaza kwenye goti lake, akalikandamiza katikati kwa kidole gumba.

"Hii yangu," alisema.

Alikuwa hajasema neno tangu juzi yake. Mama aliacha kukata. Bibi naye akaacha alichokuwa anafanya.

"Ni yako, mama," mama alimwambia. "Nikuokee?"

Akatikisa kichwa kukubali. Mama akaipokea kama anapokea kitu cha kanisani, akaiweka pembeni ya sahani peke yake. Ilipoiva aliipuliza, akavunja chembe ndogo ukingoni, akampelekea mdomoni. Mtoto akafumba midomo na kugeuza uso. Mama akasubiri. Kisha akasema, kwa sauti ya kujisemea mwenyewe, kwamba tusimlazimishe, ataomba. Mtoto akasinzia hapo hapo.

Zilitoka biskuti arobaini na ile ya arobaini na moja. Tulizipanga kwenye kopo kubwa la bati lililokuwa zamani la maziwa ya unga, ya mtoto tukaiweka juu kabisa. Mchana jirani akapiga kelele kwenye ua kwamba sukari imeshushwa dukani. Mama akajifunga kanga, akachukua kikapu. Bibi alikuwa ameshaondoka kwenda parokiani kuungama. Mama akanipa kopo mkononi.

"Asiguse mtu," alisema, akimwangalia kaka. "Nikirudi nizikute zote. Mdogo wako akiamka, uji wake uko pembeni ya moto."

Amri ile ilikuwa ya yule mwizi. Mtoto mwenye akili angejua. Nami nilikuwa na akili nyingi, kila mtu alisema.

Nililiweka kopo juu ya kigoda, nikakaa mbele yake kama askari wa ghala. Kaka alizunguka zunguka, akanuna, akaenda kucheza na magunzi mlangoni. Mvua ikaongezeka. Baada ya muda mtoto akaamka, akageuza kichwa, akaniangalia.

"Dada," alisema, "naomba biskuti yangu."

Alisema vizuri kabisa. Sauti ilikuwa ndogo lakini maneno yalikuwa kamili, kama mtoto mzima anayeomba kitu chake.

Kaka alisimama mlangoni. "Mpe," akaniambia. "Mganga alisema."

"Wewe ndiye unayeitaka," nikamjibu. "Usimsingizie mgonjwa."

"Ameomba mwenyewe. Mpe."

"Mama amesema asiguse mtu. Na leo ni mkesha. Ukisema tena, nitamwambia mama kuhusu zile karanga za mbegu ulizoiba."

Akarudi kwenye magunzi yake. Alikuwa ameziiba kweli, na nilikuwa nimeziweka hizo karanga kichwani kwa ajili ya siku kama hiyo.

Nikamletea mtoto uji. Akageuza uso. Akasema, "Yangu." Nikamwambia kesho, baada ya misa, atakula hata mbili. Hakulia. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Nionyeshe tu."

Nikafungua kopo, nikamwonyesha. Nikamsogezea karibu, kwa sababu nilitaka kuwa mwema ndani ya sheria. Akainusa. Aliinua mkono, mkono wenyewe mzito kwa uvimbe, akagusa pale kwenye alama ya kidole chake. Nami nikaivuta, nikairudisha kwenye kopo, nikafunga.

Watu wazima nimewasimulia hili wawili tu maishani, na mmoja alikuwa padri. Akaniambia nilikuwa mtoto, nilitii tu, nilitii kupita kiasi. Padri yule alikuwa kijana, nikamhurumia. Haikuwa utii. Nilipenda kushika kopo. Nilipenda kwamba kuna kitu mtu anakitaka na mimi ndiye mwenye mamlaka ya kusema hapana. Katika mwaka ule wa watu wazima kusimama kwenye foleni kutwa na kuambiwa hakuna, nilipata nafasi ya kukaa upande wa pili wa meza. Ndivyo ilivyokuwa, na sitaipaka rangi.

Mtoto aliangalia kopo kidogo. Kisha akageukia ukutani.

Mama alirudi jioni, amelowa mpaka mifupani, na nusu kilo ya sukari aliyoikumbatia chini ya nguo isilowe. Kabla hajavua kitu, aliuliza.

"Amekula?"

"Hapana."

"Ameomba chochote?"

Kaka alikuwa anachokonoa majivu. Hakuinua uso.

"Hakuomba kitu," nikasema.

Mama hakuwa mpigaji. Sikuogopa fimbo. Niliogopa lile gauni kwenye msumari. Niliona mama akimwambia bibi, bibi akimwambia paroko, na mimi nabaki nje ya mstari asubuhi, wenzangu wote weupe. Basi nikachagua gauni.

Usiku ule mtoto alipata homa. Asubuhi mama alitaka kubaki naye, asiende misani, bibi akasema atabaki yeye, kwa sababu mama wa mtoto anayepokea komunyo ya kwanza lazima awepo. Nikapokea. Nilikuwa wa nne kwenye mstari. Nilipokea na uongo wangu mdomoni, nikarudi kwenye benchi nimeinamisha kichwa kama malaika, na watu walimwambia mama binti yako ana ibada. Misa ilipoisha sikusubiri picha wala salamu. Nilikimbia kutoka kanisani mpaka Izia na gauni lile, tope likinirukia mpaka kiunoni.

Nilifungua kopo, nikachukua ile yenye alama, nikapiga magoti kwenye mkeka. "Amka, hii yako. Noeli imefika. Kula." Macho yake yalikuwa nusu wazi. Nilivunja kipande nikaweka kwenye midomo. Kikakaa hapo. Nikaweka kingine kidogo zaidi, nikakisukuma kwa kidole. Chembe zikabaki midomoni, nyeusi. Nilisema tafadhali. Bibi alinishika mkono akaniondoa, akampangusa mtoto kwa pindo la kanga, akaniambia nikamwite mama haraka.

Mama alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Alifariki kesho yake mchana.

Baba alikuwa amekwama Mpui na barabara. Alifika siku ya mazishi juu ya lori la mbolea, tope mpaka magotini, akiwa na mfuko mdogo wa karanga mbichi alizomletea mtoto. Aliushika mfuko ule mazishi yote. Hakuna aliyethubutu kumwambia auweke chini.

Watu walijaa. Mtu akija kukuhani lazima apate hata chai, na sukari ile ya foleni ikaishia kwenye sufuria ya msiba. Cha kutafuna hakikuwepo. Mama alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, nywele wazi. Akaniita. Akasema, "Leta zile biskuti, uwapitishie wageni."

Nilizipanga kwenye sinia. Ile yenye alama niliificha chini kabisa. Lakini sinia lilikuwa linazunguka, watu walikuwa na njaa, na biskuti zilikuwa zinapungua. Mwanamke mmoja wa nyumba ya tatu, mwenye mtoto mapajani, akaichukua. Ilikuwa imevunjika pembeni pale nilipoichokonoa. Akaivunja katikati, kwenye alama yenyewe, akala nusu, nusu akampa mtoto wake. Mtoto akaila yote, akanyoosha mkono kuomba nyingine. Mama yake akamwambia aniambie ahsante.

Najua biskuti moja haiponyi mtu. Nimeolewa, nimezaa, nimeuguza, wauguzi wamenieleza mambo ya utapiamlo kwa picha na chati. Pengine angekula na bado angeondoka. Yule padri naye aliniambia hivyo kwa nia njema, na natamani angenyamaza.

Mama hakuacha kupika biskuti zile. Hata mambo yalipofunguka, siagi ikarudi, kuku wakajaa uani, Noeli yake ilikuwa ya ulezi, karanga na ndizi, bila yai, bila maziwa. Alizipika na wajukuu kama alivyozipika na sisi, akiwapa madonge wachezee. Na kila mwaka alisema jambo lile lile, kwa majirani, kwa wakwe, kwa yeyote aliyekaa karibu: "Mdogo wao hakuomba hata mara moja. Nilimsubiri miezi miwili. Angeomba hata mara moja tu, ningejua alitaka kubaki na sisi."

Nilimsikiliza kwa zaidi ya miaka thelathini. Kaka yangu naye alimsikiliza, mpaka akahama, na nadhani ndiyo sababu hakupenda kuja Noeli.

Baba alipokufa, mama alihamia kwangu. Mwaka mmoja kabla ya mwaka wake wa mwisho, tulikuwa jikoni tunamenya karanga, mama kwenye kigoda, wanangu wameshamaliza na kutoka nje. Alikuwa ameishiwa nguvu za miguu lakini mikono bado. Akaanza. "Hakuomba hata mara moja."

"Aliomba, mama," nikasema.

Sijui kwa nini siku ile. Labda nilichoka. Nikamwambia yote: kopo, mvua, kaka mlangoni, karanga za mbegu, kunusa, gauni. Nilisema nikiangalia ungo. Nilipomaliza, mama hakuwa ameacha kumenya.

"Alisemaje?" akauliza.

"Alisema, 'Dada, naomba biskuti yangu.'"

"Alisema naomba?"

"Ndiyo, mama."

"Sema tena kama alivyosema."

Nikasema tena, na ile sauti ndogo, kadiri nilivyoweza. Mama akafumba macho. Uso wake ulilegea namna ambayo sikuwahi kuiona, nikafikiri, Mungu nisamehe, kwamba amefurahi. Na nadhani kwa muda mfupi alifurahi kweli. Kisha akafumbua macho, akapuliza maganda kwenye ungo.

"Kwa hiyo alitaka kubaki," alisema.

Hakunikemea. Hakunisema kwa mtu. Zile biskuti tukazipika, watoto wakala. Ila tangu siku ile hakupokea chakula mkononi mwangu. Hakutangaza. Nikimpelekea sahani alisema ameshiba, au kichwa kinamuuma, na akipelekewa na mtoto yeyote alikula. Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Baada ya hapo nilikuwa napika mimi, napakua mimi, halafu namwita huyu huyu binti yangu wa simu, wakati ule yuko shule ya msingi, namwambia mpelekee bibi. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Siku moja karibu na mwisho, watoto wote walikuwa shule. Nilimpikia mama uji wa karanga nikampelekea mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine na alikuwa hajala tangu jana yake. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, naomba unywe." Aliniangalia bila hasira.

"Weka hapo," alisema. "Baadaye."

Niliweka kwenye kigoda. Ukapoa, ukafanya ngozi juu. Nilikaa ukumbini naangalia saa. Saa tisa binti akaingia na begi mgongoni, nikampa kikombe cha uji aupashe moto ampelekee, nami nikasimama nyuma ya mlango, nikasikia mama anakunywa. Mtoto akatoka na kikombe kitupu.

"Mama," akaniambia, "mbona ulimwacha bibi na njaa hivi?"